Ng'ombe wa Kwenye Lebo

Jumatatu, 2 Juni

Nimekamua. Bihogo katoa kidogo. Upande wa nyuma wa kiwele umevimba, ukiugusa ni wa moto, na maziwa ya chuchu ile yana mabonge. Ugonjwa wa kiwele. Kiangazi kimeanza na matatizo yake.

Afisa mifugo kasema anakuja sasa hivi. Kafika jua limeshapinda, na viatu vyeusi vinavyong'aa. Mtu wa mifugo na viatu vya harusi! Kapenyeza dawa kwenye chuchu huku anaangalia simu. Kaniachia tyubu nyingine nimalizie. Nimesoma boksi mwenyewe, maana kijana yule hata jina la dawa alilitamka nusu. Boksi linasema maziwa yote ya ng'ombe huyu yasinywewe wala kuuzwa mpaka siku tatu zipite baada ya tyubu ya mwisho. Maziwa yote, si ya chuchu mbovu peke yake. Na kuchemsha hakuondoi dawa.

Basi nimeyamwaga kwenye shina la mgomba. Mama mkwe alikuwa mlangoni. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akaniuliza kwa Kinyambo kama nimerukwa na akili. Kwao maziwa hayamwagwi chini. Ukimwaga, umemlaani ng'ombe, atakauka. Baba yake alikuwa na ng'ombe wa pembe ndefu, na wimbo huo nimeusikia tangu mwanawe aliponioa. Mwanawe ameshakufa, wimbo haujafa.

Hata jina Bihogo alilitoa mama mkwe. Ni jina la ng'ombe mwekundu. Huyu ni chotara, mweusi mwenye mabaka meupe. Nimechoka kubishana.

Jumanne, 3 Juni

Projestus amekuja na lebo.

Huyu ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha mtindi. Mtu wa Muleba, ana duka Rubwera, hajawahi kushika chuchu ya ng'ombe maishani mwake. Tulimchagua kwa sababu ana pikipiki na anajua kuongea na watu wa wilayani. Wajinga sisi.

Kamwaga karatasi mezani kwangu. Ng'ombe wa pembe ndefu kasimama juu ya kilima, jua linachomoza mgongoni kwake. Chini yake maandishi: MTINDI ASILIA. HAUNA DAWA. HAUNA KEMIKALI. NG'OMBE WA MALISHO HURIA.

Nimemuuliza ng'ombe huyo ni wa nani. Kacheka. Kasema ni wa kompyuta.

Kikundi chetu hakina ng'ombe hata mmoja wa malisho huria. Wote wako bandani, kwa sababu rweya, zile nyasi za wazi za kulishia, imebaki kipande cha kuchezea mpira. Tunawakatia majani tembo, tunawapa maganda ya ndizi na vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa. Samadi inarudi kibanjani, kwenye migomba. Mgomba unamlisha ng'ombe, ng'ombe anaulisha mgomba, hakuna kinachotupwa. Ni kazi ya kuvunja mgongo na ni kazi ya maana. Nikamwambia apige picha ya banda basi, aandike hivyo. Akasema banda halina mvuto. Na yeye je, anao?

Na hilo neno asilia. Kinyesi nacho ni asilia.

Na "hauna dawa", wakati Bihogo ana tyubu kiweleni. Nikamwambia. Akasema, "Mama Koku, hayo ni maneno ya biashara tu." Kaondoka amefurahi. Nimesonya mpaka mama mkwe kauliza kuna nini.

Jumatano, 4 Juni

Rubwera, kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye meno. Nimepeleka chupa za jana.

Kwenye duka linalotuuzia, si la Projestus, nilimkuta mtumishi mmoja wa ofisi za wilaya, mama wa Bukoba, miwani ya dhahabu. Kashika chupa yangu, kaigeuza, haina picha, kairudisha. Kashika chupa nyingine ya rangi ya waridi yenye ndama anayetabasamu. "Ya shambani," imeandikwa. Nikaisoma upande wa nyuma, kule kwenye herufi ndogo za sisimizi. Viambato huandikwa kwa wingi wake, kinachotangulia ndicho kingi. Hii semina nilihudhuria, wenzangu walisinzia. Cha kwanza maji. Cha pili sukari. Halafu poda ya maziwa, halafu rangi. Shamba gani hilo lenye kisima cha sukari?

Nikamwambia kwa upole. Shikamoo yangu aliitikia, ushauri hakuutaka. Akaniambia watoto wake wanaipenda. Kanunua mbili. Msomi huyo. Anasoma mafaili ya wilaya nzima, lakini chupa anasoma picha.

Mwenye duka lakini kaagiza mtindi mwingi wa kesho kutwa, watumishi wana mkutano. Lazima nigandishe leo. Haijawahi kutokea oda kubwa hivi. Nimetabasamu peke yangu njia nzima, vumbi likaingia vizuri zaidi.

Kabla ya kuondoka asubuhi nilikuwa nimeacha ndoo ya Bihogo nyuma ya jiko. Nilimwambia mama mkwe asiiguse, nitaimwaga nikirudi. Nimerudi ndoo imeoshwa, imeinikwa kwenye kichanja. Kaimwaga mwenyewe. Miaka yote hii, hatimaye ameelewa jambo moja.

Maziwa ya wanakikundi yalikuwa yameshaletwa, kopo kubwa limejaa. Nimechemsha, nimepoza, nimetia mbegu ya mtindi. Nimefunika kwa blanketi.

Alhamisi, 5 Juni

Haukuganda.

Nimefunua, ni maziwa. Maji maji, yale yale ya jana. Nimechovya kijiko kila sufuria. Hakuna hata moja iliyoshika. Nimekaa chini kwenye sakafu kama mtu aliyepigwa.

Mbegu ni ile ile. Joto ni lile lile. Nikaweka mbegu hiyo hiyo kwenye kikombe cha maziwa ya leo asubuhi ya mwanakikundi mmoja, mchana yakaganda vizuri kabisa. Basi si mbegu. Ni dawa. Dawa ya kuua vijidudu vya ugonjwa inaua na vile vya mtindi, haichagui. Mtu ameleta maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa.

Na mtu huyo namjua. Leokadia.

Ng'ombe wake alichomwa sindano juzi juzi kwa sababu ya kidonda cha mguu. Kila mtu anajua. Mwanamke aliyerudi kwao kutoka kwa mumewe na godoro moja, tukamwonea huruma, tukampa ng'ombe wa kikundi. Anachelewa kila siku. Anacheka kila kitu. Anafunika ndoo kwa jani la mgomba wakati mifuniko inauzwa gulioni. Sijawahi kumpenda na sioni kwa nini nianze leo.

Projestus kaja, kaangalia sufuria, akapata wazo. Tuyauze kama maziwa freshi. Tubandike lebo zake. HAUNA DAWA! Nilimwangalia nikakosa tusi la kutosha. Nikamwambia hata tone halitoki hapa. Nimechimba shimo mwisho wa kibanja nikamwaga yote. Wanakikundi waliosikia wamenuna. Mama mkwe kajifunika kanga kichwani, hakutaka kuona, na chakula cha jioni hakula. Tumempoteza mwenye duka. Kwenye mkutano wao watakunywa soda.

Kikao ni Jumatatu. Sheria iko wazi. Ukileta maziwa ya ng'ombe aliye kwenye dawa, ng'ombe anatoka kwako, anakwenda kwa anayefuata kwenye zamu. Haijalishi ni wa kukopa au ulishamlipia kwa kurudisha ndama kikundini. Ni mimi niliyeipigania sheria hiyo. Walisema ni kali mno. Sasa wameona.

Ijumaa, 6 Juni

Nimekwenda kwa Leokadia. Sikumwita pembeni. Nimesimama uani kwake, majirani wakiwepo, nikasema yote.

Hakucheka. Hilo la kwanza. Kaniongoza mpaka nyuma ya banda kunionyesha anapomwaga maziwa tangu ng'ombe achomwe sindano. Kweli palikuwa na weupe umekaukia kwenye ardhi, na nzi. Nikamwambia mtu yeyote anaweza kumwaga kikombe kimoja akaleta ndoo. Majirani wakaguna upande wangu. Ilinipendeza.

Kibanja chake ninakikumbuka kabla ya ng'ombe. Migomba myembamba, mikungu ya kuchekesha, udongo umechoka. Sasa samadi imefika mpaka kwenye mpaka na mikungu inahitaji kuegemezwa miti. Anakula hapo na anauza hapo. Hana kingine.

Akasema kwa kunisihi, "Mama Koku, waitu, mkinichukulia ng'ombe mmenichukulia na kibanja."

Nikamwambia angefikiria hayo kabla. Nimeondoka nimenyoosha shingo. Njiani nilikuwa narudia maneno yangu, nayapanga vizuri zaidi kwa ajili ya kikao.

Jumamosi, 7 Juni

Sijui niandikeje.

Asubuhi nimekamua Bihogo. Kiwele kimeshuka, siku za boksi bado hazijaisha. Nilikuwa nimebeba ndoo naelekea kwenye mgomba. Mama mkwe kaniita. Alikuwa anamenya ndizi, hata hakuinua macho.

"Usihangaike kumwaga, mwanangu. Nipe niyatie kwenye kopo kubwa kama siku ile."

Nikamuuliza siku ipi.

"Ulipokwenda Rubwera. Yalikuwa mazuri kabisa, yana povu. Mtu mwenye akili anamwaga maziwa?"

Nilitua ndoo. Nadhani niliitua, maana haikumwagika.

Nikamuuliza mbona hakuniambia nilipokuwa namwaga masufuria yale yote. Akasema aliona nimeendelea na wazimu wangu, na wazimu hausemeshwi. Tena alidhani nayamwaga kwa sababu ya laana. Siku ya kwanza nililaani ng'ombe, sasa maziwa yanakataa kuganda. Kwake hesabu imekamilika. Dawa, boksi, mbegu, hayo ni makelele ya watoto wa shule.

Nilimpigia kelele. Mama mkwe wangu, nimempigia kelele mpaka kuku wakatawanyika. Kaendelea kumenya ndizi. Halafu nikaona kisu kimesimama katikati ya ganda, nikatoka.

Nimekaa bandani na Bihogo. Nimewaza jambo moja tu. Ng'ombe wangu. Simuwazi Leokadia, nisijidanganye hapa ambapo hakuna anayesoma. Nimewaza banda tupu na kibanja changu.

Mimi ndiye niliyeacha ndoo nyuma ya jiko. Mimi, msomaji wa herufi za sisimizi. Nilijua yule mama ni nani. Nimeishi naye zaidi ya nilivyoishi na mama yangu. Nilidhani kumwambia asiguse kunatosha, kama vile ni mtu wa semina.

Jumapili, 8 Juni

Misa. Sikusikia mahubiri. Leokadia alikaa mbele na watoto wake, wamevaa safi. Watu waliacha nafasi kwenye benchi lake. Kazi yangu hiyo.

Baada ya misa nilimvuta Projestus pembeni nikamwambia. Nilitaka ashtuke. Hakushtuka. Alifikiri kidogo, akacheza na funguo za pikipiki, akasema kwa upole, tena kwa heshima, "Mama, sasa hilo ulimwambie nani? Bibi ni mzee. Wewe ndiye unayegandisha, tukikukosa kikundi kimekufa. Leokadia ni nani?"

Nilimdharau. Nimemdharau kwa mambo mengi, hili limepita yote. Suti ya Jumapili, jasho la shingo, meno. Anaongea kuhusu mtu kama anavyoongea kuhusu lebo, unabandika unachotaka usoni kwake.

Halafu nikiwa njiani nikajiuliza kwa nini nilimwambia yeye. Kuna mwekahazina, mama mnyoofu, alikuwa pale pale. Kuna Leokadia mwenyewe. Nikamchagua yeye kati ya kanisa zima. Nilijua atakachosema. Nilikuwa nimekifuata hicho hicho.

Nimekata majani ya Bihogo mengi kuliko anavyoweza kula. Sijaamua. Naandika sijaamua.

Jumatatu, 9 Juni

Kikao kilikuwa uani kwangu, kama kawaida.

Projestus kafungua kwa sala ndefu. Mtu mwenye neno baya mfukoni husali kwa muda mrefu, nimeshamjua. Kaeleza hasara. Kasoma sheria. Kasema kila mtu anajua ni ng'ombe gani alichomwa sindano. Hakumtaja mtu. Wote wakamgeukia Leokadia.

Leokadia alisimama, akasema hakuleta. Basi. Hakulia, hakuapa. Akakaa. Mtu mmoja nyuma akasema wezi wote husema hivyo. Ni mimi niliyewafundisha kusema hivyo, Ijumaa, pale uani kwake.

Nikasimama. Sauti ilitoka nyembamba, sauti ambayo sikuipenda. Nikasema ni ndoo yangu. Bihogo alikuwa na dawa kiweleni, niliacha maziwa yake nyuma ya jiko, yakaingia kwenye kopo. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda mlangoni. Nikasema tu yaliingia. Uzembe wangu. Sheria tunaijua.

Mtu mmoja akacheka, halafu wengi. Si cheko la ubaya sana. Mama Koku! Yule anayetuchungulia ndoo kama polisi wa mpakani! Nimewacheka watu hawa tangu kikundi kianze, kwa hiyo walikuwa na akiba. Wacheke washibe.

Projestus alijaribu kusema tulifikirie jambo hili taratibu, mazingira ni tofauti. Mwekahazina kamuuliza tofauti ipi. Mzee mmoja akaokota lebo mezani, akaisoma kwa sauti mpaka mwisho, hauna dawa, malisho huria, akauliza huyo ng'ombe wa pembe yuko kwa nani, maana yeye angependa kumwona. Hapo walicheka vizuri. Imeamuliwa chupa ziandikwe kijiji, tarehe ya kugandisha, na kwamba ng'ombe ni wa bandani. Projestus kakusanya lebo zake moja moja, kazifuta vumbi. Nusura nimhurumie. Nikajizuia.

Bihogo anakwenda Bugomora, kwa mzee anayefuata kwenye zamu. Watamchukua keshokutwa. Nitaendelea kugandisha, wamesema. Maziwa ya wengine.

Leokadia hakungoja. Kachukua ndoo yake, kasema amechelewa kukata majani, kaondoka. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba radhi na nikabaki nayo mdomoni. Nilimtukana mbele ya majirani, na nimemsafisha mbele ya watu wengine kabisa. Si kitu kimoja.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda kwake. Nimesimama pale pale uani, nikasubiri mpaka majirani wawili watoke nje. Nikasema nilimsingizia. Nimesema mara moja, kwa sauti ya kusikika.

Kaniambia amesikia. Kaendelea kukoroga uji.

Inatosha hiyo. Nilitaka nini, nyimbo?

Jumatano, 11 Juni

Wamemchukua. Alikataa kutoka, ikabidi nimtangulie mwenyewe mpaka barabarani. Mzee wa Bugomora ni mtu mzuri, amejenga banda la sakafu ya mawe, na majani ameotesha. Nilimuuliza maswali kama kumi nikitafuta sababu ya kumdharau. Sikupata. Nikamwambia siku za dawa ziliisha lini, na kwamba huyu hapendi kukamuliwa upande wa kushoto.

Mama mkwe hakutoka chumbani. Hakuniuliza ng'ombe anakwenda wapi. Anajua.

Mchana kaniambia kwa Kinyambo, akiangalia ukutani, kwamba nilipaswa kumtaja. Nikamwambia ale.

Alhamisi, 12 Juni

Hakula.

Anataka maziwa tu, na hasemi. Nikamletea ya kununua, ya pakiti. Kayanusa akayasukuma. Nimesoma nyuma ya pakiti kwa mazoea. Yako sawa, maziwa matupu. Lakini yeye hajui kusoma, na kwake kitu kisichotoka kwenye ng'ombe anayemjua jina si maziwa.

Nimemwona amezeeka wiki hii. Nina hasira naye bado. Vyote viwili.

Ijumaa, 13 Juni

Leokadia alipita asubuhi na mapema, kabla ya kupeleka ya kikundi. Sikumsikia akibisha. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya mama mkwe, anamwamkia kwa heshima zote, jagi dogo mkononi, limefunikwa kwa jani la mgomba.

Akaniambia siku za ng'ombe wake zilishaisha, kama nataka kuhakikisha boksi analo nyumbani.

Nikamwambia sihitaji boksi.

Mama mkwe aliuliza jina la ng'ombe. Leokadia akamtajia. Akauliza rangi, akauliza alizaa lini, akauliza mama yake alitoka wapi. Leokadia kajibu yote, taratibu, wala hakuonekana kuwa na haraka, ingawa jua lilikuwa linapanda na ndoo ya kikundi ilikuwa inamsubiri. Ndipo bibi akanywa. Kanywa yote, akafuta mdomo kwa kiganja.

Leokadia kasema kesho atapita tena. Sikumwomba. Nilimsindikiza mpaka njia panda, hatukuongea chochote cha maana, tumeongelea majani. Kwake yameanza kukauka. Yangu yapo mengi na hayana mlaji.

Nimerudi nikachukua panga. Nimekata mzigo mmoja mkubwa, nimeufunga, nimeuegemeza ukutani akija auchukue.

Jagi lake nimeliosha.